Arifa za seva ya logi hazifiki kwenye imeili? Uliza kwanza kama zimezaliwa

Watu wakiniuliza hili swali karibu wote wanaanza na Gmail. Nimeangalia inboksi, nimeangalia spamu, hakuna kitu, hebu nisaidie nibadilishe poti ya SMTP, ile njia ya kutuma imeili. Na mimi huwajibu vilevile, poti iache kwanza. Imeili ya arifa ni mwisho wa safari ndefu, logi, yaani rekodi ya kila kinachotokea, itoke kwenye ruta, ifike kwa seva, isomwe, iandikwe kwenye diski, kanuni iione na iseme hapa pana neno, ndo sasa imeili iandikwe na itumwe. Ukianza kuchimba mwisho na tatizo liko mwanzo utageuza mipangilio ya imeili mpaka uharibu hata ile iliyokuwa sawa.

Mimi niko Amu, yaani Lamu, naangalia mitandao ya nyumba za wageni, nyingi ziko Shela na chache huku Mkomani, na logi zote zinakuja kwa seva moja ya Graylog, programu ya kukusanya na kupekua logi, iliyowekwa chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, mbali na upepo wa chumvi maana feni za kompyuta na bahari hazipatani. Kwa hivyo majina ya mafaili hapa chini ni ya Graylog, lakini hata kama unatumia kitu kingine mengi yatakufaa, SMTP ni ileile.

Cha kwanza kabisa fungua sehemu ya arifa, bonyeza kile kitufe cha kujaribu. Kitufe hicho kinatuma imeili ya majaribio moja kwa moja, hakipitii logi wala kanuni. Ikifika, nusu yote ya pili ni nzima, SMTP nzima, paswadi nzima, na shida yako iko kwenye logi ama kwenye kanuni. Isipofika ndo urukie huko chini kwenye SMTP. Nimeona watu wanalumbana na kampuni ya imeili wiki nzima na kitufe hawajakigusa!

Tuseme imefika. Nenda kwenye orodha ya matukio ya Graylog uone kama tukio lenyewe limeandikwa. Kama limeandikwa na imeili haikuja, angalia kanuni imefungwa na arifa gani, maana mtu hutengeneza kanuni nzuri kabisa akaiacha bila arifa yoyote, halafu angalia ule muda wa kunyamaza kati ya arifa moja na nyingine, ukiwa umeweka saa nzima na wewe unajaribu kwa kukosea paswadi ya ruta tena baada ya dakika kumi hutapata kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Kama tukio halikuandikwa kabisa, sasa twende kwenye saa.

Saa ndo imenisumbua kuliko kitu kingine chochote. Kenya iko masaa matatu mbele ya UTC, ile saa ya dunia nzima, na Graylog inahifadhi kila kitu kwa UTC. Ruta nyingi zinatuma logi kwa mtindo wa kale wa syslog, utaratibu wa vifaa kutuma logi, ule wa RFC 3164, ambao saa yake haina mwaka na haisemi ni saa za eneo gani, ni mwezi, tarehe na 19:04:31, basi. Seva ikiwa inatembea kwa UTC inasoma hiyo 19:04 inadhani ni ya UTC kumbe ni ya Nairobi, kwa hivyo logi ya sasa hivi inaenda kukaa masaa matatu mbele. Kanuni yako inaangalia dakika tano zilizopita, haioni kitu, inanyamaza. Masaa matatu yakipita, kanuni inafika pale logi ilipokaa, inashtuka, inatuma imeili kwa sauti kubwa kana kwamba jambo limetokea sasa.

Hii ilimpata mzee mmoja mwenye nyumba Shela, akanipigia. "We kijana, hiyo mashine yako mbona yaniambia saa hizi saa nne usiku kuna mtu ajaribu kuingia kwenye ruta, nami nimekaa hapa naitazama, hakuna mtu?" Nikamwambia shikamoo ami, huyo mtu alikuja saa moja.

Kwa hivyo imeili ikichelewa masaa matatu kamili, si dakika kumi, si nusu saa, masaa matatu, SMTP usiiguse kabisa. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, seva ukiiweka saa za Nairobi na ruta ikawa inatuma UTC, logi zinaangukia masaa matatu nyuma, mahali ambapo kanuni ilishapita, na hapo hata imeili ya kuchelewa hupati. Kupima ni rahisi, tafuta logi za kifaa hicho lakini usitumie zile "dakika tano zilizopita", weka tarehe kwa mkono kuanzia jana mpaka kesho, halafu linganisha saa ya logi na saa ya simu yako. Mimi siku hizi vifaa vyote naviweka UTC na NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao), na kwenye wasifu wangu ndani ya Graylog nimechagua saa za Nairobi ili macho yangu yaone saa ya huku. Kama kifaa kinaweza kutuma RFC 5424, mtindo mpya wa syslog, chagua hiyo, inabeba saa za eneo ndani yake na ubishi unaisha.

Umeme nao una mchango wake. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa, stima ikikatika na kurudi zinaamka zikidhani ni mwaka 1970 mpaka NTP izipe saa sahihi, na logi za hizo dakika za mwanzo, ambazo ndo zile unazozitaka kujua nini kimetokea, zinaangukia Januari. Hapo dawa ni UPS tu na kuhakikisha NTP inafikika mapema.

Mengine ya upande huu nitayapita haraka. Kanuni inayoangalia dakika 5 zilizopita lakini inakimbia kila dakika 15 inaacha dakika 10 ambazo hakuna anayeziangalia, hizo namba mbili zilingane. Na diski, angalia diski! OpenSearch, ambayo ndo Graylog inahifadhia logi, ikiona diski imejaa 95% inafunga faharasa zisiandikwe tena, logi mpya hazina pa kukaa na arifa zinakauka zote kwa pamoja. Ukiona nyumba zote zimenyamaza ghafla, chapa df -h kabla ya kitu kingine.

Sasa upande wa SMTP, kwa wale ambao kitufe kimekataa. Faili ni /etc/graylog/server/server.conf, mistari yote inayoanza na transport_email. Ya kwanza, transport_email_enabled, iwe true, usicheke, hii iko. Halafu kuna mbili zinazochanganya watu, transport_email_use_tls na transport_email_use_ssl. Ya kwanza maana yake ni STARTTLS, mazungumzo yanaanza wazi halafu yanafungwa, na kawaida yake ni poti 587. Ya pili yanafungwa tangu neno la kwanza, poti 465. Chagua moja. Ukiweka poti 465 na ukawasha ile ya STARTTLS, huyu anasubiri salamu na yule anasubiri afungiwe mlango, wanakaa hivyo mpaka muda uishe. Na ukibadilisha chochote kwenye hilo faili lazima uzime na uwashe huduma, systemctl restart graylog-server, la sivyo ni kama hukuandika kitu.

Poti 25 kutoka kwenye seva ya kukodi ya wingu mara nyingi imefungwa na mwenye seva ili watu wasitume spamu, usipoteze usiku hapo. Ukitumia Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena lililotengwa, kumbuka localhost, yaani hapahapa, ni ndani ya kontena lenyewe, si ile mashine, kwa hivyo Graylog inabisha mlango wa nyumba isiyo na mtu. Gmail nayo tangu 2022 haikubali paswadi yako ya kawaida kwa programu za namna hii, unawasha uthibitishaji wa hatua mbili halafu unatengeneza paswadi ya programu, ile ya herufi 16. Na kuna hii ambayo inawapata wengi, umechagua arifa iende kwa mtumiaji anayeitwa admin. Huyo admin wa mwanzo hayuko kwenye hifadhidata kama watumiaji wengine, imeili yake inatoka kwenye mstari wa root_email ndani ya faili lilelile, na mstari huo ukija huwa mtupu. Ama ujaze, ama uandike anwani kamili kwenye arifa.

Usikisie, soma. Fungua /var/log/graylog-server/server.log kwenye terminali moja na tail -f, bonyeza kitufe kwenye nyingine, jibu litakuja lenyewe. 535 ni jina ama paswadi. Namba inayoanza na 4 maana yake jaribu baadaye, inayoanza na 5 maana yake hapana na usirudi. Ukiona PKIX path building failed, cheti cha seva ya imeili hakijulikani na Java, mara nyingi ni cheti cha kujitengenezea. Na kabla ya kulaumu Graylog jaribu bila Graylog, openssl s_client -starttls smtp -connect seva-yako:587, hiyo ikikwama basi tatizo ni mtandao ama fayawoli.

Lakini ushauri wangu mkubwa kwa mtu aliye mahali kama hapa ni huu, Graylog isitume imeili nje yenyewe. Weka Postfix, programu ya kutuma imeili na kuzipanga foleni, kwenye mashine ileile, Graylog iongee na localhost poti 25 bila paswadi bila TLS, na Postfix ndo ibebe paswadi na iongee na dunia. Laini yetu inatoka bara kupitia Mokowe na inakatika, na ikikatika unataka mtu wa kushika foleni. Postfix inashika imeili mpaka siku 5 kwa mpangilio wake wa kawaida, na /var/log/mail.log inakwambia kila moja imeishia wapi, sent, deferred au bounced.

Kuna kitu kimoja tu cha kujua. Imeili ikishindwa Postfix hairudii kila dakika, inaongeza muda wa kusubiri taratibu kutoka sekunde 300 mpaka sekunde 4000, ambayo ni zaidi ya saa moja. Ndo maana intaneti inarudi, wageni wanaangalia filamu raha mustarehe, na arifa zako bado zimelala kwenye foleni. Chapa mailq uzione, chapa postqueue -f uzisukume. Mimi nimeandika skripti fupi inayofanya hivyo laini ikirudi.

Foleni ikishafunguka tegemea mafuriko. Wakati wa Maulidi nyumba zinajaa, kila mgeni anakosea paswadi ya Wi-Fi, na kanuni iliyoandikwa kwa ulafi inatuma imeili kwa kila kosa. Akaunti ya kawaida ya Gmail mwisho wake ni imeili 500 kwa siku, ukivuka unafungiwa kwa muda na arifa ya maana inakwama nje pamoja na zile za upuuzi. Weka kizingiti, makosa kadhaa kutoka kifaa kimoja ndani ya dakika chache, na ule muda wa kunyamaza usiuache sifuri.

Kama mail.log inasema sent na inboksi iko tupu, hapo sasa ndo una haki ya kuangalia spamu. Anwani ya mtumaji iwe ya domeini yako kweli, si root@localhost, na rekodi ya SPF ya hiyo domeini itaje seva inayotuma. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na SPF ama DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye imeili), asiye nayo Gmail humrudishia 550-5.7.26.

Na sasa lile ambalo hakuna mpangilio wa SMTP utalitibu. Arifa ya "intaneti imekatika" haiwezi kupita kwenye intaneti iliyokatika. Nimewaona watu wameiweka hiyo kanuni na wanaitegemea, inawafikia laini ikisharudi ikiwaeleza habari ya asubuhi. Kwa hilo nina njia mbili na natumia zote. Kuna modemu ya USB yenye laini ya simu imechomekwa kwenye seva, Graylog inatuma arifa ya HTTP kwa skripti ndogo hapohapo na skripti inaita programu ya Gammu itume SMS, ila anwani ya hiyo skripti lazima uiongeze kwenye orodha ya anwani zinazoruhusiwa ndani ya Graylog la sivyo itakataa. Na kuna seva ndogo ya kukodi iliyo nje kabisa ya kisiwa, inangoja salamu kutoka huku kila dakika chache, ikiikosa yenyewe ndo inapiga kelele, na hii inanisaidia hata pale Graylog yenyewe imezima na hakuna wa kusema imezima. Maneno ya SMS yaweke mafupi, ujumbe mmoja ni herufi 160 na zikizidi unalipia wa pili, mimi naandika jina la nyumba, kilichokatika, na saa, na hiyo saa iwe ya Nairobi.