Goin' Places haikustahili kusahaulika

Wiki hii mmetuuliza ni albamu gani ya wasanii wakubwa iliyopuuzwa kwa kuonewa. Mimi nataja Goin' Places ya The Jacksons, kundi la Michael Jackson na ndugu zake, iliyotoka Oktoba 1977.

Wanaosimulia habari za ndugu hawa huanzia Motown, kampuni yao ya kwanza kubwa ya kurekodi, walipokuwa watoto wakiitwa Jackson 5, kisha huruka hadi albamu yao ya Destiny ya 1978. Hapo katikati wanapita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Kumbe palikuwa na familia iliyotoka kugawanyika. Walipohama Motown, jina la Jackson 5 lilibaki huko, na ndugu yao Jermaine, mkwe wa mwenye kampuni, alibaki pia. Randy, mdogo wao, akaziba pengo. Kampuni mpya, Epic, ikawakabidhi kwa Kenneth Gamble na Leon Huff wa Philadelphia, watunzi na watayarishaji, mafundi wa ule muziki wa soul uliosheheni vayolini na tarumbeta.

Albamu ya kwanza waliyotengenezewa huko, ya 1976, ilibebwa na Enjoy Yourself. Hii ya pili haikuingia hata hamsini bora za Marekani, na lawama inayorudiwa ni kwamba Gamble na Huff waliwapa masalio. Nakubali kidogo tu. Music's Takin' Over, unaofungua albamu, ungeweza kuimbwa na kundi lolote la disko la mwaka ule. Lakini anayeihukumu albamu nzima kwa wimbo huo sidhani kama aligeuza upande wa pili.

Tena hata upande wa kwanza wenyewe una Different Kind of Lady, ambao ndugu hao waliutunga wao wenyewe. Motown waliimba walichopewa. Hapa walipata nafasi ya nyimbo mbili, huo na Do What You Wanna. Sikilizeni wanavyopokezana na kuitikiana, hakuna anayemngoja mwenzake. Michael aliandika katika kitabu chake cha 1988 kwamba alijifunza jinsi wimbo unavyojengwa kwa kumtazama Huff kwenye piano huku Gamble akiimba. Mimi nasikia somo hilo humu, na sioni kwa nini tuhesabu nyimbo hizi kuwa mazoezi tu ya Destiny. Zinasimama kwa miguu yake.

Man of War wengine huuona mahubiri. Ni kweli Gamble alipenda kuhubiri. Lakini vita vya Vietnam vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na kuwapa vijana waliopendwa na wasichana wa shule wimbo wa kuwasihi wapiganaji waache vita lilikuwa jambo la moyo. Wanauimba kwa upole, bila kukaripia mtu, ndiyo maana unanigusa.

Halafu upo wa mwisho, Find Me a Girl. Huo ndio sababu ya barua hii. Michael ana miaka 19. Sauti ya utoto imekwisha, na zile mbinu zake zote tulizokuja kuzijua, vile vijisauti na vishindo, bado hajazizoea. Anaimba tu, polepole, akiomba mtu wa kumpenda, na kaka zake wako nyuma yake wakimshika kama watu wanaomjua tangu kitandani. Sauti za ndugu wa tumbo moja zina namna ya kulingana ambayo waimbaji wa kukodi hawaifikii. Nasema hivyo kwa kuwa nimeimba kwaya na dada zangu wawili miaka kumi na moja.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na albamu hii kwenye kanda. Wimbo huo ulikuwa mwishoni kabisa, na mara nyingi aliinuka kuzima redio kabla haujafika. Siku aliyouacha ukaimba hadi mwisho, tuliurudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri, tukausikiliza tena.