Nataka kutafiti jeni za figo, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo dokta. Nina digrii ya maabara, nafanya kazi kituo cha afya huku Ukerewe. Nataka kusoma masters ya molekyula baiolojia nifanye utafiti wa figo. Nimesoma kuhusu jeni ya APOL1 inayohusishwa na ugonjwa wa figo, je naweza kuipima kwa PCR ya kawaida (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), na nianze kukusanya sampuli gani?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera, watu wa maabara wanaotaka kuingia kwenye figo bado ni wachache na tunawahitaji sana. PCR ya kawaida inakufikisha nusu ya safari. Aina za APOL1 zinazoleta shida ni mbili, G1 na G2, ziligundulika 2010, jeni yenyewe ipo kromosomu ya 22. G1 ni herufi mbili zimebadilika (S342G na I384M), G2 ni herufi sita zimefutika, sasa kwenye jeli ya kawaida, ile inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, huwezi kuona tofauti hiyo, kipande kitaonekana urefu uleule. Ila zote zipo karibu karibu kwenye eksoni ya mwisho (sehemu ya jeni inayobeba maelekezo ya protini), kwa hiyo unatoa kipande kimoja tu afu unakipeleka kikasomwe herufi za DNA kwa njia ya Sanger. Praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie na kuishia wapi) zianzie nyuma kidogo ili zilibebe na badiliko jingine la jeni hiyohiyo, N264K, maana mtu mwenye G2 akiwa nayo kwenye nakala hiyohiyo hatari inashuka sana, usipoisoma utamhesabu kwenye kundi ambalo sio lake.

Hiyo jeni kwetu huku kanda ya ziwa ina historia yake. Protini ya APOL1 kazi yake ni kuua vimelea vya malale kwenye damu, na G2 hasa inamsaidia mtu dhidi ya rhodesiense, malale ya upande wetu wa mashariki. Ukikumbuka malale ilivyofyeka watu upande wa Uganda wa ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1900 unaelewa kwa nini mwili ungeshikilia kitu kama hicho hata kama kinakuja kuumiza figo baadaye. Hatari kubwa ya figo ni kwa mwenye nakala mbili za aina hizo, ingawa utafiti wa Nigeria na Ghana uliotoka 2024 umeonyesha hata nakala moja inaongeza kidogo. Na wengi wenye mbili hawaugui kabisa, kwa hiyo usije ukamtisha mtu kwa majibu ya DNA peke yake.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. DNA haiendi popote, hata mwakani utaipima. Kinachoharibu tafiti nyingi ni kutojua nani kweli ana ugonjwa wa figo. Kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu) moja ya siku moja haitoshi, ugonjwa sugu maana yake eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) chini ya 60 au albumini kwenye mkojo 30 mg/g na kuendelea, na iwe imedumu zaidi ya miezi mitatu, yaani lazima umrudie mtu na kisiwani watu wanahama na samaki, leo yupo Ukara kesho yupo Kome, kwa hiyo chukua namba ya simu yake na ya ndugu yake. Mvuvi anayevuta kokoro ana misuli, kreatinini yake itakuwa juu bila figo kuwa na tatizo, na akiwa ametoka kula nyama itapanda zaidi. Mwenye sikoseli, na huku wapo wengi mno, ni kinyume chake, kreatinini inaonekana nzuri kabisa wakati albumini inavuja. Ukipata hela pima na sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo, haitegemei misuli kiasi hicho.

Na kichocho jamani. Hapo ulipo mkojo au choo kikiwa na mayai ya kichocho, protini ya kwenye mkojo inaweza kuwa imetokana nacho, kwa hiyo pima, mtibu kwa prazikwanteli, afu urudie mkojo baadaye kabla hujasema figo zake zimeharibika.

Sampuli zenyewe: damu ya DNA weka kwenye kichupa cha EDTA, kile cha kifuniko cha zambarau, usitumie cha heparini kwa sababu heparini inazuia PCR. Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi. Kama utauhifadhi muda mrefu uwe kwenye friza ya nyuzi hasi 80, hasi 20 haitoshi, albumini inapungua humo na umeme ukikatika ndio basi tena. Mimi ningekushauri upime albumini siku hiyohiyo kituoni, usubirishe DNA tu.

Masters yoyote nzuri ya molekyula itakufaa ilimradi msimamizi mmoja awe daktari anayeona wagonjwa wa figo kila wiki, hospitali ya Bugando Mwanza wapo, nenda ukakae nao kliniki kabla ya kuandika chochote. Usichukue hata tone la damu kabla ya kibali cha maadili, na kama sampuli zitatoka nje ya nchi kuna mkataba wake wa kusafirisha, uulizie NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) mapema maana unachukua muda. Ukishaandika ukurasa mmoja wa swali lako la utafiti nitumie niusome.