Maswali na Majibu: Watoto wa Uingereza Waliopelekwa Shamba Wakati wa Vita

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu watoto wa Uingereza waliotolewa mijini na kupelekwa vijijini katika Vita vya Pili vya Dunia. Tunajibu maswali manne.

Kwa nini watoto walihamishwa kabla hata bomu moja halijaanguka?

Uhamisho ulianza tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile Ujerumani ilipoivamia Poland, siku mbili kabla ya Uingereza yenyewe kutangaza vita. Serikali ilikuwa imeona jinsi ndege zilivyouteketeza mji wa Guernica nchini Hispania mwaka 1937, ikaamini kwamba London ingepigwa kwa mabomu na gesi ya sumu tangu siku za kwanza, na kamati ya Sir John Anderson ilikuwa imekwisha kuandaa mpango tangu mwaka 1938. Katika siku chache waliondoka watu wapatao milioni 1.5, wakiwamo wanafunzi zaidi ya 800,000 waliosafiri na walimu wao bila wazazi.

Je, wazazi walilazimishwa kuwatoa watoto wao?

Hapana, jambo hilo lilikuwa la hiari, ingawa aliyekubali hakuambiwa mtoto wake anapelekwa wapi, alisubiri postikadi. Waliolazimishwa ni wenyeji wa shamba, kwa kuwa mwenye chumba cha ziada aliweza kuamriwa na ofisa kumpokea mgeni. Alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto iwapo walikuwa wawili au zaidi.

Walipofika, nani aliamua mtoto akae kwa nani?

Hapa ndipo mpango ulipopwaya, kwani waliouandaa walishughulikia zaidi safari kuliko mapokezi. Katika vijiji vingi watoto walipangwa ukumbini, kila mmoja na kibandiko chenye jina lake kwenye koti na kijisanduku cha kinyago cha gesi kikining'inia begani, kisha wenyeji wakapita wakichagua kama wachaguavyo bidhaa gulioni. Wakulima walitaka wavulana wenye nguvu, na wengine wakatafuta wasichana wa kusaidia kazi za nyumbani. Ndugu waliokuwa wameagizwa na mama yao wasiachane waligawanywa nyumba mbili, na waliobaki mwisho, aghalabu wachafu au wenye nguo zilizochakaa, wakazungushwa usiku mlango hadi mlango. Binafsi naona kwamba orodha iliyoandaliwa mapema ingewaepusha watoto na aibu hiyo.

Kisha yakaja malalamiko ya chawa na ya vikojozi. Kuhusu chawa, uhamisho uliangukia mwishoni mwa likizo ya kiangazi, hivyo wengi walikuwa hawajakaguliwa na wauguzi wa shule. Ama kukojoa kitandani, wenyeji wengi walikuhesabu kuwa malezi mabaya (hata kwetu neno kikojozi halitamkwi bila kejeli), lakini mara nyingi kulitokana na hofu na majonzi ya mtoto aliyelala ugenini kwa mara ya kwanza. Haifai, hata hivyo, kuwalaumu wenyeji wote, maana wapo waliowalea watoto hao kama wao na kuendelea kuandikiana nao barua baada ya vita.

Nimesikia kwamba wengine waliletwa Afrika. Je, Tanganyika ilipokea wowote?

Mpango wa serikali wa kuwapeleka watoto ng'ambo, ulioanza mwaka 1940, ulihusu Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ulisimamishwa baada ya meli City of Benares kuzamishwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 17 Septemba 1940, ambapo watoto 77 kati ya 90 wa mpango huo walikufa.

Huenda msomaji amesikia habari za Tengeru, karibu na Arusha. Waliokaa kambini hapo walikuwa Wapoland waliofukuzwa makwao na utawala wa Kisovieti, wakapitia Iran na kuanza kufika Tanganyika mwaka 1942. Walikuwa wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi ya waliofia huko yapo Tengeru hadi leo.