Kabla Hujaandika Filamu ya Mwanamichezo, Yaondoe Matokeo

Kila ninapokabidhiwa mswada wa filamu kuhusu mwanamichezo wa kweli, kwanza humsimulia kisa hicho mtu asiyefuatilia michezo, bila kumtajia nani alishinda. Akiendelea kuuliza "kisha ikawaje?", kisa kinafaa kuandikwa, akinyamaza, kilichopo ni habari ya michezo tu, hata kama mhusika ana medali za kujaza kabati. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba watazamaji hushikwa na uamuzi wa mtu aliyekuwa na njia nyingine ya kupita, na ushauri wangu kwa waandishi wapya unatoka hapo.

Kisa ambacho ningependa kukiona kwenye sinema kuliko vyote ni cha Filbert Bayi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwaka 1974, wakati wakimbiaji wengi wa mita 1500 walipendelea kutulia nyuma ya wenzao wakisubiri mzunguko wa mwisho, kijana huyu wa Tanzania alichomoka mapema, akaongoza hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka 1975 Bayi alivunja rekodi ya maili mwezi Mei, na Walker akamnyang'anya mwezi Agosti. Mashabiki wa riadha wakawa wanahesabu siku wawili hao wakutane katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwemo, yakaisusia Olimpiki hiyo kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki. Walker alitwaa dhahabu bila mpinzani wake mkubwa.

Hapo ndipo filamu ilipo. Mwandishi mwenye haraka atamalizia Christchurch, kwenye shangwe, ilhali uzito wote uko katika mbio ambazo Bayi hakukimbia, kwa sababu iliyo ya haki na bado inauma. Ninasihi pia Walker asigeuzwe kuwa adui, kwani naye alinyimwa kitu. Kisha ije Moscow mwaka 1980: Bayi amehamia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, anaongoza kama ilivyo desturi yake, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland anampita. Medali ile ya fedha ni moja kati ya mbili alizopata Mtanzania katika Olimpiki hiyo. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui.

Kisa cha John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, kinajulikana zaidi, na kwa hiyo ni kigumu zaidi kukiandika. Mwaka 1968 huko Mexico City alianguka katika marathoni, akaumia goti, na akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Waandishi hukimbilia maneno yake maarufu, kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio bali azimalize. Mimi huwashauri wakae kwanza na ile bendeji mguuni, giza linaloingia na viti vilivyoanza kubaki vitupu. Ninapozungumza na wanariadha wastaafu siwaulizi walijisikiaje. Huwauliza nani aliwafunga kidonda na usiku ule walilala wapi, na majibu hayo ndiyo hunipa maonyesho ya filamu.

Timu ya taifa ya soka ya Zambia inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Mwaka 1993 ndege iliyowabeba wachezaji 18 ilianguka baharini karibu na Libreville, mji mkuu wa Gabon, na wote wakafariki. Nyota wao Kalusha Bwalya, aliyekuwa akicheza Uholanzi, alinusurika kwa sababu alipangiwa kusafiri peke yake. Mwaka 2012, katika mji uleule, Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Ivory Coast. Penalti zitajiandika zenyewe. Anayetaka kisa hiki aanze na familia za waliofariki, aombe ridhaa yao kabla ya ukurasa wa kwanza, na wakikataa onyesho fulani, aliondoe.