"Run" na mfereji wa Paje

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Mie nafanya kazi hotelini Paje. Juzi mgeni kaniambia mfereji wa chumbani kwake "is running". Ninavyojua mie run ni kukimbia, nikamuuliza umekimbilia wapi. Kacheka mpaka kakaa chini. Hilo neno lina maana ngapi, na nilitafsiri vipi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Ukizitaka maana zote itabidi uache kazi. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walikihesabia kitenzi run maana 645, na mmoja wao, Peter Gilliver, alikaa nacho miezi tisa. Katika chapa ya 1989 bingwa alikuwa set, kwa maana 430 hivi.

Usihangaike na neno lenyewe; tazama nani au nini kinafanya hiyo run, kisha jiulize sisi tungesemaje. Mfereji unatoka maji, na kama mtu kasahau kuufunga, maji yanamwagika. Taulo zimekwisha. Hoteli ina mtu anayeiendesha. Mtoto mwenye mafua kamasi zinamtoka, na kanga mpya ikitiwa majini inatoka rangi. Daladala za 505 zinakwenda Uwanja wa Ndege. Hatusemi zinakimbia, ingawa wako madereva wanaostahiki neno hilo.

Penye siasa ndipo panaponichekesha. Mmarekani anayetaka kiti husema ana-run. Mwingereza, kwa kiti kama hicho, husema ana-stand, yaani kasimama. Mzanzibari anayeutaka uwakilishi hakimbii wala hasimami: anagombea. Na kugombea kumetoka kwenye kugomba, huko huko unakotoka ugomvi. Kwa hili naona sisi tumesema kweli zaidi.

Sasa hiyo maana moja unayoniambia unaijua, nayo ina mambo. Ndani ya kukimbia mna kuepuka. Ndiyo tukapata mkimbizi, tukapata na kimbilio, na mwenye deni la watu tukasema kalikimbia. Anayeharakisha tu, bila ya kuwa na linalomtisha, wazee wa Unguja na Pemba humwambia anakwenda mbio. Hata Mwenge una mbio zake, na hauna unachokikimbia. Siku hizi kukimbia kumeenea kote, wanariadha wanakimbia na watoto wa skuli wanakimbia, na mie sikukatazi kusema hivyo. Lakini mgeni wako akitoka alfajiri na viatu vyake kushika njia ya ufukweni, nenda kamwambie bibi yeyote wa hapo kijijini kwamba yule mzungu anakimbia. Atainuka kitako akuulize: "Masikini, anamkimbia nani?"