Mbwa aliyeletwa na mwenyewe: siku zake za kwanza kituoni

Ukianza kazi katika kituo cha kuhifadhi wanyama, mbwa atakayekutatiza zaidi si yule wa mitaani aliyezoea kugombania mabaki jalalani. Ni yule aliyeletwa na mwenyewe, kamba shingoni, kadi ya chanjo mfukoni mwa baba wa nyumba. Hadi asubuhi hiyo alikuwa na geti lake la kulinda, sauti anazozijua na saa yake ya kula. Mchana yuko juu ya saruji, katikati ya kelele za mbwa asiowajua, na watu wake wameondoka. Tunaandika kuhusu siku zake za kwanza kwa sababu humo ndimo makosa mengi hufanyika, na humo ndimo mbwa wengi huandikiwa kwenye kadi ya kituo maneno wasiyostahili.

Kazi huanzia getini. Mpokee mwenye mbwa kwa heshima. Wengi huja kwa sababu wamehamia fleti ambayo mwenye nyumba hataki wanyama, au kazi imewapeleka mbali, au gharama ya chakula imewashinda. Kumtelekeza mnyama ni kosa nchini Kenya chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360), kwa hiyo aliyefika kwako amefuata njia iliyo sawa. Ukimhukumu hata kwa macho tu, atakuficha ukweli, hasa kuhusu kuuma. Muulize: nani humlisha, na humlisha nini hasa? Hulala wapi? Husikia lugha gani? Amezoea watoto, au mbwa wengine? Amewahi kumuuma au kumkwaruza mtu kwa meno, na ilikuwa lini? Jibu la swali hilo la mwisho liandike na tarehe yake.

Usisahau kuuliza saa anazofungiwa na saa anazofunguliwa. Mbwa wengi wa ulinzi kwetu hufungiwa bandani mchana na kuachiliwa usiku watu wakienda kulala. Kwa mbwa wa aina hii usiku ni zamu. Akija kituoni atabweka hadi alfajiri, na mfanyakazi asiyejua ataandika kwamba ni mkorofi. Mchana, ambapo angelala, kuna ndoo, mifagio na wageni. Mbwa mzima huhitaji usingizi wa saa 12 hadi 14 kwa siku, na banda lenye mbwa wengi wakibweka pamoja linaweza kuvuka desibeli 100. Siku mbili tatu za kukosa usingizi zinatosha kumfanya mbwa mtulivu aanze kushtuka kwa kila kitu. Ndiyo maana vituo vinavyojali hufunga shughuli zote kuanzia saa sita hadi saa nane mchana: hakuna usafi, hakuna mgeni, redio imezimwa au iko chini sana. Kama kituo chako hakina utaratibu huo, uombe.

Mwombe mwenyewe aache nguo au gunia alilolalia mbwa, bila kufuliwa, pamoja na chakula cha siku chache kama kipo. Kisha akukabidhi kamba nje ya jengo, aage kwa ufupi, na wewe umgeuze mbwa aelekee ndani kabla gari halijawashwa. Mbwa anayetazama gari likitoka hujirusha kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo kola hutoka.

Kuhusu kola, elewa jinsi mbwa mwenye hofu anavyotoroka. Hakimbilii mbele. Hurudi kinyumenyume, kichwa chini, na kola iliyolegea huvuka masikio kwa sekunde moja. Kaza mpaka vidole 2 tu viweze kupita kati ya kola na shingo, na tumia kamba 2: moja kwenye kola, nyingine ya kitanzi kinachojikaza chenyewe. Usifungue mlango wa banda kabla hujahakikisha kwamba mlango unaofuata umefungwa. Mbwa aliyekuwa na kwao akitoka huanza safari ya kurudi nyumbani, na njiani kuna barabara kuu.

Kabla ya banda, daktari amwone. Apimwe uzito, apewe dawa ya minyoo, na achanjwe siku hiyo hiyo dhidi ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, kama kadi haionyeshi chanjo za karibuni, kwa sababu kinga huchukua siku kadhaa kujengeka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa wiki 12. Kuogeshwa kunaweza kusubiri. Ikiwa kupe wamemjaa, daktari ana dawa ya kumeza au ya kudondoshea mgongoni, na hizo hazihitaji watu watatu kumshikilia mbwa ndani ya beseni siku aliyopoteza kila kitu.

Mpe banda la mwisho wa safu, mbali na mlango wanakopita watu, na mfikishe kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya mabanda yote akibwekewa. Funika nusu ya mlango wa wavu kwa gunia. Ndani weka sanduku la mbao lililolazwa ubavu, apate pa kujificha. Kitanda kiinuliwe kutoka sakafuni. Saruji ya Limuru au Arusha usiku wa Julai ina baridi kali. Maji yawe tayari: mbwa wa kilo 25 huhitaji takriban lita moja na robo hadi lita moja na nusu kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Kisha mwache peke yake kwa saa 2. Kila mtu kituoni atataka kuja kumpa pole. Wazuie.

Jambo moja wageni wa kazi hii hawalitarajii ni haja ndogo. Mbwa aliyefundishwa kutochafua anapolala anaweza kubana mkojo kwa muda mrefu akiwa bandani, na maumivu hayo humfanya azunguke na kulia, nawe ukadhani ni ukaidi. Mtoe nyasini ndani ya saa 4 za mwanzo, kisha alfajiri na jioni, kwa kamba ndefu na bila haraka. Zikipita saa 24 bila kukojoa, mwite daktari.

Sasa chakula. Mbwa aliyekua kwa ugali na mchuzi wa omena hawezi kuelewa kwamba vipande vikavu vya dukani ni chakula. Siku ya kwanza mpe nusu ya kipimo chake cha kawaida, cha chakula anachokijua. Halafu badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10: robo mpya na robo tatu ya zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu mpya. Ukibadilisha kwa siku moja utapata kinyesi cha maji chenye ute, na hutajua kama ni chakula, hofu au ugonjwa. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu, na usimpe mifupa iliyopikwa. Hupasuka vipande vyenye ncha. Asipogusa chakula, mwongezee supu vuguvugu isiyo na chumvi, uweke bakuli karibu na sanduku lake na uondoke. Wengi hula gizani tu. Bakuli likilala bandani, lisimamishe ndani ya sinia lenye maji kidogo kuzuia sisimizi, na alfajiri uliondoe lisiendelee kuvuta panya, kwa sababu mkojo wa panya hueneza homa ya leptospira. Pima kilichobaki na uandike. Mbwa mzima aliyekaa saa 48 bila kula ni kazi ya daktari. Mtoto wa mbwa usimsubiri hata saa 12. Rudia uzito kila wiki. Aliyepungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake yuko hatarini hata kama anakutikisia mkia.

Mbwa wa kumhofia zaidi ni yule aliye kimya. Anayebweka langoni anakusumbua, kwa hiyo unamkumbuka. Aliyejikunja pembeni akitazama ukuta husifiwa kuwa mpole, na siku zinapita. Jifunze kumsoma: mkia uliobanwa tumboni, masikio nyuma, kulamba midomo pasipo chakula, miayo isiyo ya usingizi, kuhema mdomo wazi wakati hakuna joto, alama za jasho za nyayo sakafuni, weupe wa jicho unaoonekana pembeni anapokutazama bila kugeuza kichwa. Akikakamaa ghafla mwili mzima, simamisha mkono wako pale ulipo na ujitoe polepole. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho kabla ya meno. Kunguruma ni onyo, na ni onyo la manufaa. Ukimwadhibu kwa kunguruma ataacha kunguruma, lakini hofu itabaki, na siku nyingine atauma bila kukuonya.

Mtu mmoja, yule yule, awe wake kwa siku hizo. Kaa chini nje ya mlango, ubavu ukimwelekea, macho yako kwingine. Rusha kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje ya haragwe, kipite nyuma yake. Usikirushe karibu nawe. Ukimvuta kwa chakula hadi mkononi, tamaa itamleta mahali ambapo hofu bado haijamruhusu, na chakula kikiisha atajikuta amenaswa karibu mno. Ukikirusha nyuma, anapata chakula na nafasi pamoja, na atarudi mbele kwa hiari yake. Dakika 5 zinatosha, mara 3 kwa siku. Akianza kukusogelea mwenyewe, mkune kifuani kwa sekunde 3 kisha uondoe mkono. Akiegemea, endelea, akigeuza kichwa, basi. Mkono usipite juu ya kichwa chake.

Kwa anayeruka na kubweka kila mtu akipita, tundika kopo la chakula kikavu nje ya kila banda, na kila apitaye atupe punje chache ndani, mbwa awe kimya au anabweka. Wapya hupinga wakisema tunamzawadia kelele. Sivyo. Kelele hizo zinatokana na wasiwasi kuhusu nyayo zinazokaribia, na tunachobadilisha ni maana ya nyayo hizo. Ila lazima wote wafanye, hata fundi wa bomba.

Usafi: usipige maji ya mpira banda likiwa na mbwa ndani. Mtoe kwanza, au zoa uchafu tu. Sabuni itangulie dawa ya klorini, kwa kuwa uchafu huiua nguvu, halafu suuza vizuri. Pua ya mbwa haivumilii harufu ile. Nguo yenye harufu ya nyumbani iache bila kufuliwa siku hizo za mwanzo, isipokuwa imechafuka kwa kinyesi.

Hapa sikiliza kwa makini zaidi. Si kila mabadiliko ya tabia ni huzuni. Mbwa asiye na kadi ya chanjo anayetokwa na udenda, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika sauti au anayeyumba miguu ya nyuma anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Funga banda, zuia watu, mwite daktari. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa awekwe chini ya uangalizi wa daktari kwa siku 10. Wewe mwenyewe unapaswa kuwa umechanjwa kabla ya kuanza kazi: dozi 2, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza.

Usimpime tabia kwa ajili ya kumtafutia nyumba kabla ya siku 3 kwisha. Vipimo vya damu vya mbwa walioko vituoni vimeonyesha kotisoli, homoni ya msongo, ikiwa juu sana siku hizo za mwanzo. Unachokiona ni hofu kuliko mbwa mwenyewe. Na kwenye kadi andika ulichokiona, usiandike hukumu. "Mkali" halimsaidii mtu yeyote. "Alinguruma mkono ulipopita juu ya kichwa, hakunguruma alipokunwa kifuani" linamwambia mwenzako wa zamu ya jioni la kufanya. Neno moja la kizembe kwenye kadi linaweza kumfungia mbwa miezi.

Dalili za kuzoea huja ndogondogo: anakula ukiwepo, anajikung'uta anapotoka bandani, analala ubavu miguu ikiwa imenyooka. Zisipoonekana kwa wiki moja, au akianza kuzunguka duara moja bila kukoma, kujilamba mguu hadi kidonda, au kugonga mkia ukutani hadi damu, usimsubiri azoee. Mhamishie ofisini, au mtafutie familia ya kumlea kwa muda. Hata usiku mmoja au mbili nje ya kituo hushusha msongo. Daktari anaweza pia kuamua dawa ya kutuliza. Wewe usimpe dawa ya binadamu. Mwenza mtulivu naye husaidia, lakini baada ya wiki 2 za kutengwa, na waanze kwa kutembezwa sambamba, mita 5 kati yao.

Siku ya kuondoka na familia mpya, mfungashie chakula cha siku 7 cha aina ile ile anayokula, nguo yake bila kufuliwa, na kamba 2. Waambie wasimwogeshe wiki ya kwanza, wasialike majirani kumwona, na wahakikishe ua hauna upenyo chini ya geti kabla hawajamfungua kamba. Wape na nakala ya kadi uliyoandika, pamoja na namba ya simu ya daktari wa kituo.