Njugu za Shilingi Kumi na Nambari Yako ya Kitambulisho

Barua zenu kuhusu simu na faragha zimerundikana tangu shule zifungwe. Nusu yake inauliza kitu kimoja, kwa hivyo nianze nacho tukimalize.

Kuna ujumbe unasambaa WhatsApp kwamba ukiona tiki tatu, moja nyekundu, serikali imeusoma ujumbe wako na unakuja kukamatwa. Ni kweli? (Umoja, Ruaka, Kitengela, na wengine kumi na wawili)

Si kweli. Hakuna tiki ya tatu, haijawahi kuwepo, na hili nimelijibu mwaka jana na mwaka juzi. Mpelelezi hapigi hodi kwa tiki. Mtu anayewaponza ni yule mwanachama wa kundi anayepiga picha ya skrini na kumtumia binamu yake aliye polisi, na huyo hakuna programu itakayowakinga naye. Anayewatumia huo ujumbe saa kumi na moja alfajiri mwambieni alale.

Mwanangu, kila jengo ninaloingia mjini soja wa mlangoni anataka kitambulisho na nambari ya simu, anaandika kwenye kitabu. Naweza kukataa? (Mama, Kariobangi Kusini)

Mama, shikamoo. Haki ya kukataa unayo, ila lifti utaikosa.

Nikupe kisa. Miezi michache iliyopita nilinunua njugu za shilingi kumi karibu na steji. Zilifungwa kwenye karatasi kama kawaida, ile koni iliyokunjwa ncha. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi nione kama kuna iliyosalia chini. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha wageni cha jengo fulani. Mistari thelathini na kitu, wino wa buluu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, anakokwenda, saa ya kuingia, sahihi. Mmoja aliandika anakwenda kwa daktari wa ngozi, ghorofa ya nne. Mwingine kwa wakili. Chumvi imewakolea wote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Inasema anayekusanya habari zako akuambie ni za nini, achukue zinazotosha kwa kazi hiyo tu, na asikae nazo kupita haja. Sasa muulize soja kitabu kikijaa kinapelekwa wapi. Usimgombeze, yeye amepewa kalamu na kiti, basi. Muulize meneja wa jengo. Mimi nimeuliza majengo sita na hakuna aliyejua. Katika mojawapo niliandika jina langu kuwa Simba wa Tsavo, simu nikaweka sufuri tupu. Soja akalitazama, akaangalia saa yake, akajaza 10:42, akanipisha. Huo ndio usalama tunaouza faragha zetu ili tuupate.

Na msidhani karatasi hizi huishia kwenye njugu peke yake. Juni 2021 Wakenya walipoanza kukagua majina yao kwenye eCitizen, watu chungu nzima walijikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvipungia mkono. Kusajili mwanachama kulihitaji jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Wengi walikumbuka kwamba hayo ndiyo waliyokuwa wakiyaandika kwa wakala wa M-Pesa na mlangoni mwa majengo. Uchaguzi wa 2027 unakaribia. Nenda ukajikague leo, na ukikuta umeingizwa chama, jiondoe na ulalamike kwa Kamishna wa Data.

Kwa hivyo, mama: kitambulisho kionyeshe, usikiache. Nambari ya simu, jipimie mwenyewe.

Mimi ni raia mwema, sina siri. Mbona mnatutisha na kamera na namba mpya ya utambulisho, Maisha Namba? (Msomaji, Lang'ata)

Hongera kwa wema wako. Lakini anayeamua kama wewe ni mwema si wewe.

Babu zetu hawakuwa na siri pia. Sheria ya kipande, kitambulisho cha lazima cha wakoloni, ilipitishwa 1915, na kufikia miaka ya ishirini kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alitakiwa kutembea nacho, kwenye kikebe cha chuma shingoni, kikiwa na alama za vidole na jina la mwajiri. Akitoroka kazi mbaya, karatasi ndiyo iliyomrudisha. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kwa kupinga mambo kama hayo, umati ulikusanyika hapa Nairobi kudai aachiliwe, na watu wakapigwa risasi karibu na hoteli ya Norfolk. Sisi si wageni wa sajili. Tunajua inavyobana.

Kama hayo ni ya kale mno kwako, nenda Garissa. Huko kuna Wakenya ambao wakati wa ukame na njaa, familia zao zilijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Alama za vidole zikaingia kwenye mtambo wa wakimbizi. Mtoto akakua, akaenda kuomba kitambulisho, mtambo ukasema wewe si Mkenya. Bila kitambulisho hupati laini ya simu, benki, wala kazi. Kosa lake lilikuwa kula. Hawa nao hawakuwa na siri.

Sipingi kitambulisho. Napinga kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, ilipoletwa 2019 walitaka hadi DNA na mahali unapoishi kwa satelaiti. Mahakama Kuu ikayakataa hayo mawili Januari 2020 na kutaka sheria kamili kwanza. Wakaendelea na kadi. Oktoba 2021 mahakama ikasema kadi nazo zimetolewa kinyume cha sheria, kwa sababu hakuna aliyefanya tathmini ya athari kwa data za watu. Miaka miwili baadaye jina likabadilika, tukaambiwa Maisha. Na katika Mswada wa Fedha wa 2025 kulikuwa na kifungu cha kuwafungulia KRA, watoza kodi, data zetu za siri bila kizuizi kilichokuwepo. Wabunge walikiondoa, safari hii.

VPN ni haramu Kenya? (Msomaji, Zimmerman)

La, programu ya kuficha unakopitia mtandaoni si haramu. Ila ile ya bure uliyoipakua kwa sababu ina picha ya ngao, jiulize mwenye nayo analipaje umeme wake.

Niko kwenye kampuni ndogo Kilimani. Tumepata kandarasi ya kuunda programu ya kaunti fulani ya kusajili wachuuzi. Wanataka picha ya uso, alama za vidole, na simu ya mchuuzi itume mahali alipo kila saa. Nilipouliza habari ya sheria, bosi akasema tujenge kwanza. Nifanyeje? (Mtengeneza programu)

Hii ndiyo barua niliyokuwa nikiingoja.

Kwanza mwambie bosi wako kwamba "tujenge kwanza" ndiyo iliyoiua kadi ya Huduma. Tathmini ile hufanywa kabla, ni sharti la sheria, na mteja akishitakiwa atasema aliyejenga ni nyinyi. Wakubwa wa kampuni hawasikii neno haki, lakini neno faini wanalisikia vizuri.

Pili, fikiria kazi yenyewe. Kaunti inahitaji kujua nini? Kwamba Mama Njeri wa kibanda cha tisa amelipa ada ya leo. Hiyo ni nambari ya kibanda na risiti. Uso wa nini? Na mahali alipo kila saa, hebu sema kweli, nani atakayeifungua hiyo ramani saa kumi jioni wachuuzi wakishamwaga bidhaa barabarani? Kanjo, askari wa kaunti. Utakuwa umewaundia kanjo mtambo wa kuwindia mama mwenye beseni la nyanya, na wewe utasema uliandika msimbo tu.

Maneno hayo ndiyo yanayonikera katika tasnia yenu. Nairobi ilipata jina katika teknolojia kwa sababu ya Ushahidi, programu iliyotengenezwa Januari 2008, vurugu za uchaguzi zikiendelea, ili watu waripoti yaliyowapata. Kituo cha wanateknolojia, iHub, kikafunguliwa barabara ya Ngong 2010, tukajiita Silicon Savannah. Mwanzo wetu ulikuwa kumpa raia sauti. Sasa angalia Mei 2025: mtengeneza programu mmoja wa kike hapa mjini alikamatwa kwa kuunda ukurasa uliomwezesha mwananchi kuwatumia wabunge barua pepe kuhusu Mswada wa Fedha. Barua pepe! Alilala korokoroni wikendi nzima, akashtakiwa kwa sheria ya uhalifu wa kompyuta, na Juni hakimu akasema hati ya mashtaka haionyeshi kosa lolote. Wiki ileile aliyokuwa ndani nilikwenda hafla moja ya wanateknolojia, yenye kahawa nzuri na samosa. Tulizungumzia mtaji kwa saa tatu. Jina lake halikutajwa jukwaani. Wakati wa samosa nilimuuliza kijana mmoja, akatazama nyuma kwanza, kisha akasema kampuni yao ina zabuni ya wizara.

Kwa hivyo fanya hivi. Andika pingamizi lako, kwa barua pepe, kwa upole, ukipendekeza nambari ya kibanda na risiti. Hifadhi nakala. Mara nyingi aliyeandika masharti ya zabuni aliyanakili mahali na hatajali yakipunguzwa. Wakikataa kabisa, una kodi ya nyumba na siwezi kukuambia uache kazi. Lakini usiandike sehemu ile ya mahali alipo. Mwache mwingine aiandike.

Polisi wamenisimamisha Moi Avenue wakataka nifungue simu. Wana haki? (Mwanafunzi)

Kukupekua ovyo, hapana. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yako, cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza, na kuingia kwenye simu kunahitaji amri ya mahakama. Waulize unakamatwa kwa kosa gani.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Barabarani, uwe mpole, usikimbie, na kabla ya kutoka nyumbani zima kufungua kwa kidole au uso, uweke pini ndefu. Kidole kinaweza kushikwa kikabonyezwa. Pini iko kichwani. Mwachie mtu mmoja nyumbani jina la kituo unachopelekwa. Albert Ojwang alikuwa mwalimu. Alichukuliwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akaletwa hadi Nairobi, na kabla ya jua la 8 Juni 2025 kukolea alikuwa maiti mikononi mwa kituo cha polisi cha Central. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakataa.

Kazi yako kulaumu serikali. Kampuni za kigeni zinatupa ajira, mbona huzisemi? (Msomaji, South B)

Nazisema. Pale barabara ya Mombasa vijana wetu waliketi mbele ya skrini wakitazama watu wakikatwa vichwa ili Facebook ibaki safi, na wengine wakisoma uchafu ili ChatGPT ijifunze kuukwepa, kwa malipo ambayo jarida la Time liliripoti Januari 2023 kuwa chini ya dola 2 kwa saa. Daniel Motaung, mmoja wa waliokuwa wakiichujia Facebook, alipokwenda mahakamani 2022, Meta, mwenye Facebook, ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa haina makao hapa. Kuvuna, wapo, kushtakiwa, hawapo. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema wanashtakika.

Na mradi wa sarafu za kidijitali, Worldcoin, je? Agosti 2023 foleni ilizunguka KICC, watu wakipigwa picha za mboni za macho kwa sarafu zilizofika kama shilingi 7,000. Sikuwacheka, kodi ilikuwa inadaiwa. Serikali ilikuja kusimamisha macho yakiwa yameshachukuliwa, na amri ya mahakama ya kuyafuta ilikuja Mei 2025. Ukitaka nichague kati ya kampuni na serikali, sichagui. Data iliyokusanywa na mmoja, mwingine ataiomba.

Programu ya mkopo imewapigia watu wote kwenye simu yangu, hadi kasisi. (Msomaji, Githurai)

Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, bure, ukiambatanisha jumbe walizotuma. Moja ya kampuni hizi ilipigwa faini ya shilingi milioni 5 mwaka 2023 kwa tabia hiyohiyo. Tazama pia kama ina leseni ya Benki Kuu. Na siku nyingine ikikuomba ruhusa ya majina yaliyomo simuni, kataa, hata kama kodi inadaiwa. Kasisi atakusamehe.

Mtandao utazimwa 2027? (Wengi)

Mimi si mganga. Najua haya tu. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima. Kesho yake, vijana waandamanaji wakiwa bungeni, mtandao ukalegea nchi nzima, tukaambiwa ni nyaya za baharini. Novemba ile Telegram ikafungwa kwa sababu ya mtihani wa KCSE, kana kwamba wizi wa mitihani ulizaliwa na Telegram. Juni 2025 runinga zikaamriwa kuacha kuonyesha maandamano moja kwa moja na mitambo ikazimwa, hadi mahakama ilipoingilia. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kuzuia kuzimwa. Wiki ya uchaguzi weka pesa taslimu za siku nne nyumbani. Intaneti ikiyumba, hujui ni huduma gani nyingine itakayoyumba nayo.

Nilikuandikia mara mbili na hukunijibu. Kwa nini? (Msomaji, Donholm)

Kwa sababu uliambatanisha picha ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, ili "nihakikishe ni wewe." Nimezifuta zote mbili. Tuma swali peke yake.